Chuo Kikuu na Kiwanda: Nani Anauliza Swali, Nani Anabaki na Jibu?

Katika miaka ya karibuni vyuo vyetu vya uhandisi na teknolojia vimekuwa vikitia saini makubaliano mengi na viwanda, makampuni na taasisi za utafiti, za hapa nchini na za nchi za nje. Hotuba husomwa, hati hubadilishwa, picha hupigwa. Baada ya hapo mwananchi wa kawaida hubaki akijiuliza: makubaliano haya yana maana gani kwa mkulima wa mihogo, kwa fundi wa Gerezani, kwa mfanyakazi wa kiwandani?

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa jambo hili limezusha mabishano makali, na wanafunzi wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema kwamba ushirikiano wa namna hii ni kukiuza Chuo Kikuu kwa wenye mitaji, na kwamba mwalimu anayelipwa na kampuni hawezi tena kuwatumikia wananchi. Kundi la pili linasema kwamba nchi maskini haina haki ya kuchagua: mwenye fedha amekuja, vifaa vya maabara vimechakaa, basi tutie saini tushukuru.

Sisi tunaona kwamba makundi yote mawili yanakosea, na yanakosea kwa sababu moja. Yote yanatazama fedha. Moja linaziogopa, jingine linazishangilia. Wala hakuna linalouliza kazi yenyewe inafanywaje na nini kinabaki kazi ikiisha. Shabaha ya makala haya ni kueleza ushirikiano huo ni kitu gani, umetoka wapi katika historia ya nchi yetu, na upimwe kwa kipimo gani.

Maana ya ushirikiano

Neno "ushirikiano" hufunika mambo mengi yasiyofanana. Kada anayetaka kuelewa hana budi kuyatenganisha.

Kwanza, kuna kazi ya ushauri. Kiwanda kina tatizo, kwa mfano tanuri linalokula mafuta mengi kupita kiasi. Kinamwita mtaalamu wa Chuo, anapima, anaandika taarifa, analipwa. Hapo kiwanda kinanunua ujuzi uliokwisha kuwapo.

Pili, kuna utafiti wa pamoja. Hapa jibu bado halijulikani kwa upande wowote. Kiwanda hutoa fedha, mitambo au malighafi. Chuo hutoa walimu, wanafunzi na maabara. Kwa kuwa jibu ni jipya, ndipo swali la umiliki linapozuka.

Tatu, kuna mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa uhandisi anapelekwa kiwandani wakati wa likizo ili ajifunze kwa mikono yake yale aliyoyasoma ubaoni.

Nne, kuna leseni. Chuo kimegundua jambo, kimelisajili na kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi. Kisha kinampa mwenye kiwanda ruhusa ya kulitumia kwa malipo na kwa masharti.

Tano, kuna kamati za ushauri ambamo wawakilishi wa viwanda huketi pamoja na walimu kutazama mitaala, ili yanayofundishwa yalingane na kazi zilizopo.

Mambo haya matano yana uzito tofauti. Mtu anayesema "tumeingia ushirikiano" bila kusema ni wa aina gani bado hajasema kitu.

Tulikotoka

Wako wanaodhani kwamba kuunganisha chuo na uzalishaji ni wazo lililoletwa juzi na wafadhili. Historia inawakanusha.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo bali ni matokeo yake, na kwamba msingi ni watu na juhudi zao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, bado nchi haikuwa na mahali pa kumsomesha mhandisi wake hadi kiwango cha shahada. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani ya Magharibi. Tangu mwanzo mafunzo ya viwandani yalikuwa sehemu ya masomo. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma la 1974 lilisisitiza kwamba elimu na kazi visitenganishwe, na waliomaliza kidato cha sita wakawekewa sharti la kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu.

Pamoja na hayo viliundwa vyombo vya kubeba ujuzi kutoka maabara hadi kwa mzalishaji. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973. Shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, lilifuata mwaka 1979. Shirika la usanifu wa mitambo, TEMDO, mwaka 1980. Na kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, CAMARTEC, mwaka 1981. Ndani ya Chuo Kikuu chenyewe iliundwa taasisi ya IPI, iliyokuwa na kazi ya kubuni zana na mashine za uzalishaji. Mwaka 2001 taasisi hiyo na Kitivo cha Uhandisi viliunganishwa, ikapatikana Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia tunayoijua leo.

Kwa hiyo nia ilikuwapo, na vyombo vilikuwapo. Je, tulikosea wapi? Swali hili tusilikwepe, maana kujikosoa ni silaha ya mwanamapinduzi.

Fundisho la kiwanda cha viatu

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Katika miaka ya 1970 ulipangwa na kujengwa kiwanda kikubwa cha viatu mjini Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Uwezo wake ulikadiriwa kuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikusudiwa kuuzwa nchi za nje. Nchi ilikuwa na ngozi tele, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye mifugo mingi. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Lakini kiwanda hicho hakikuwahi kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikupitisha hewa ipasavyo katika joto la Morogoro. Mitambo iliharibika, vipuri havikupatikana, viatu havikufikia ubora uliotakiwa na wanunuzi wa nje. Mwaka 1990 kiwanda kilifungwa. Deni halikufungwa.

Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi: uhaba wa fedha za kigeni, uongozi mbaya, umeme, malighafi duni. Hatusemi kwamba Chuo Kikuu peke yake kingeliokoa jahazi. Tunalosema ni hili: kiwanda kinachonunuliwa kikiwa kamili, kuanzia msingi hadi paa, kutoka kwa mgeni, kinaingia nchini bila swali hata moja la kumpelekea mhandisi wa nchi. Ngozi yetu ina kasoro gani na zinaondolewaje? Jengo la kazi katika joto la nyuzi zaidi ya 30 lijengwe vipi? Kipuri gani tunaweza kukichonga wenyewe? Haya ni maswali ya utafiti, na mahali pake ni shule ya teknolojia. Wahandisi tulikuwa tunawasomesha, na viwanda tulikuwa tunavijenga. Lakini tulivijenga kana kwamba wahandisi hao hawapo.

Kosa hilo lilikuwa letu. Viongozi wa mashirika ya umma waliona ni salama zaidi kuagiza mtambo uliothibitishwa ng'ambo kuliko kumwamini kijana aliyehitimu Mlimani. Naye mwalimu wa Chuo aliona heshima yake iko katika makala yatakayosomwa ng'ambo, siyo katika mashine iliyokwama Morogoro. Kasumba ilikuwa pande zote mbili. Viwanda vingi vya umma vilipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, shule ya teknolojia ilipoteza hata yule mshirika dhaifu iliyekuwa naye.

Mifano miwili ya nje

Ili kuona kwamba ushirikiano unaweza kujenga na unaweza kufunga mikono, tutazame mifano miwili kutoka nchi zilizoendelea. Mmoja ni wa tiba na mwingine ni wa elimu ya mimea, lakini fundisho lake linaihusu shule yoyote ya teknolojia.

Mfano wa kwanza ni wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walianza kazi iliyoleta insulini, dawa ya kisukari, katika maabara ya Profesa Macleod. Mwenzao James Collip akaisafisha hadi ikafaa kwa binadamu. Maabara ya Chuo iliweza kutengeneza dawa kidogo tu, na wagonjwa walikuwa wanakufa. Hivyo mwaka 1922 Chuo kilifanya makubaliano na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ili itengeneze kwa wingi. Lakini tazama masharti. Wagunduzi waliiuza hataza kwa Chuo kwa dola 1 kila mmoja, ili haki ibaki mikononi mwa Chuo. Kampuni ilipewa nafasi ya pekee kwa mwaka mmoja wa majaribio; baada ya hapo watengenezaji wengine nao waliweza kupewa leseni. Kampuni ilipata biashara kubwa, na Chuo kilibaki na neno la mwisho.

Mfano wa pili ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1998 idara yake moja ya elimu ya mimea iliingia mkataba na kampuni ya Novartis: dola milioni 25 kwa miaka 5. Kwa fedha hizo kampuni ilipata haki ya kuwa ya kwanza kujadiliana juu ya leseni ya karibu theluthi moja ya magunduzi ya idara, na viti viwili kati ya vitano katika kamati ya kugawa fedha za utafiti. Walimu na wanafunzi wengi walipinga. Mkataba ulipomalizika mwaka 2003 haukuendelezwa, na wachunguzi kutoka chuo kingine walishauri kwamba mikataba inayoifunga idara nzima iepukwe.

Angalia tofauti yake. Kampuni ya kwanza nayo ilitafuta faida, kama ya pili. Mabepari hawakuwa malaika mwaka 1922. Tofauti ilikuwa katika mkataba. Toronto ilikwenda kwa kampuni ikiwa na swali lake na jibu lake, ikatafuta mikono ya kuzalisha. Berkeley iliiruhusu kampuni iketi pale ambapo maswali yanachaguliwa. Wala tusidhani kwamba mkataba mzuri hulinda mambo milele: leo soko la insulini duniani limeshikwa zaidi na makampuni matatu, na wagonjwa wengi katika nchi maskini hawaimudu bei. Ulinzi wa mali ya umma ni kazi ya kila kizazi.

Hali ilivyo leo

Turudi nyumbani. Mwaka 2021 uliidhinishwa Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Pamoja na majengo na vifaa, mradi huo umevitaka vyuo vikuu viwe na uhusiano wa karibu na viwanda na kuwashirikisha katika mitaala. Kabla yake, mwaka 2018, uliidhinishwa mradi wa EASTRIP kwa vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki. Kwa upande wetu mradi huo umegusa kituo cha teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na kituo cha nishati jadidifu cha Kikuletwa, mkoani Kilimanjaro, cha Chuo cha Ufundi Arusha.

Msomaji ataona mara moja: ngozi ileile iliyotushinda Morogoro sasa ina mahali pa kusomewa. Hiyo ni hatua, na anayestahili kusifiwa asifiwe.

Lakini kada asisahau neno moja: mkopo. Fedha hizi zitalipwa na wananchi. Kampuni inapoingia katika maabara iliyojengwa kwa fedha hizo, haiingii katika nyumba tupu. Inaingia katika nyumba ambayo mkulima na mfanyakazi wamekwisha kuweka rehani jasho lao. Kwa hiyo katika kila mkataba kuna washirika watatu, hata kama waliotia saini ni wawili. Mshirika wa tatu hakualikwa kwenye picha. Ni wajibu wa Chama, wa walimu na wa wanafunzi kumsemea.

Maswali matano ya kupima mkataba

Tunapendekeza kwamba kila ushirikiano upimwe kwa maswali matano. Hayahitaji shahada ya sheria.

(1) Swali la utafiti limetoka kwa nani? Kama limetoka katika tatizo la uzalishaji wa hapa, mwanzo ni mzuri. Kama limeandikwa kwingine, na sisi tunatafutwa kwa kuwa tuna mazao, magonjwa au data ambayo wenzetu hawana, basi tujue tunauza malighafi kama tulivyouza pamba na korosho ghafi.

(2) Nani anafanya kazi ya akili? Vijana wetu wakiishia kukusanya sampuli na kujaza fomu, na uchambuzi ukafanyika ng'ambo, mradi utakwisha nao watabaki walivyokuwa.

(3) Nani anamiliki matokeo, pamoja na maboresho ya baadaye? Mara nyingi mali haimo katika ugunduzi wa kwanza bali katika marekebisho yanayofuata. Mkataba unaonyamaza juu ya maboresho umekwisha kuyatoa.

(4) Nini kitakuwa siri, na kwa muda gani? Kampuni ina haki ya kuomba muda wa kusajili hataza kabla matokeo hayajachapishwa. Lakini siri isiyo na mwisho inamfunga mwanafunzi asiyeweza kutetea tasnifu yake, na inamnyima mwananchi habari anayohitaji, hasa ikiwa matokeo yanahusu usalama wake.

(5) Mfadhili akiondoka kesho, kinabaki nini? Je, tuna fundi wa kukitengeneza chombo kikiharibika? Vipuri vinapatikana? Programu ya kompyuta inayokiendesha ni yetu, au leseni yake inakwisha pamoja na mradi?

Swali la tano ndilo kubwa, na mengine manne yanalitumikia. Ushirikiano mzuri ni ule unaokiacha Chuo kikiwa na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya kazi bila mshirika yule. Kwa kipimo hicho, mkataba wa fedha kidogo unaotuachia mafundi kumi wenye ujuzi unashinda mkataba wa mamilioni unaotuachia jengo lenye kibao. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema tusishirikiane na ndugu, walisema tusimtegemee.

Asiye na fedha naye ana swali

Kuna hatari moja ambayo hata mkataba mzuri hauiondoi. Katika ushirikiano wa aina hii, mwenye fedha ndiye anayeuliza. Kampuni ya simu, mgodi na kiwanda cha saruji wanaweza kulipia utafiti. Mama anayekwangua mihogo kwa mkono hawezi. Fundi anayeyeyusha alumini chakavu apate sufuria hawezi. Chama cha ushirika kinachohitaji kikaushio cha matunda hakiwezi. Tukiliachia soko, maabara zetu zitajaa maswali ya wachache, na hakuna mtu atakayekuwa amevunja sheria.

Dawa yake ni fedha za umma. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Mfuko kama huo ndio sauti ya asiye na sauti ndani ya maabara. Kada anayepigania bajeti ya barabara na zahanati, na apiganie pia bajeti ya utafiti. Vilevile vyuo vinaweza kutenga sehemu ya mapato ya mikataba mikubwa kwa ajili ya maswali ya wazalishaji wadogo. Huo ni uamuzi wa baraza la chuo, hauhitaji mfadhili.

Wajibu wetu

Mwanafunzi anayekwenda kiwandani kwa mafunzo asiende kutafuta muhuri wa kitabu chake tu. Aandike kila mtambo uliosimama, umesimama kwa sababu gani na kwa siku ngapi. Akirudi, tatizo mojawapo liwe mradi wake wa mwaka wa mwisho. Miradi mingi ya mwaka wa mwisho huishia kabatini kwa sababu ilianzia kichwani mwa mwanafunzi badala ya kuanzia kwenye karakana.

Mwalimu ahesabu mashine iliyofanya kazi kijijini kuwa ni kazi ya kitaaluma, na chuo kimpandishe cheo kwa hiyo. Tusimlaumu mtu kwa kufuata njia ambayo sisi wenyewe tumeiwekea zawadi.

Kiongozi wa shirika la umma, kabla ya kuagiza mtambo nje, awaulize kwanza wahandisi wa nchi. Na kama jibu ni kwamba hatuwezi, aulize itachukua nini ili tuweze. Naye kada wa tawi au wa wilaya ayakusanye matatizo ya mafundi na wakulima wa eneo lake na kuyafikisha vyuoni. Hapo Chuo kitakwenda kwenye meza ya makubaliano kikiwa na orodha yake mkononi, siyo kikisubiri kusomewa ya mgeni.

Tunarudi kwa wanafunzi wetu waliogawanyika. Kwa wale wanaoogopa, tunasema: Chuo kinachojifungia ili kibaki safi hakimtumikii mtu yeyote, na Morogoro imetuonyesha gharama yake. Kwa wale wanaoshangilia, tunasema: someni mkataba hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kupiga makofi. Ujuzi ni chombo cha uzalishaji kama jembe na mtambo. Katika kila chombo cha uzalishaji swali letu limekuwa lilelile tangu mwaka 1967: kinashikwa na nani, na kinamfanyia kazi nani?